Siku moja ya kuzurura majumba ya kale: Mji Mkongwe au Lamu?

Kila likizo ikikaribia lazima kuna mtu aniulize, eti nina siku moja tu ya kuangalia nyumba za zamani, nivuke Zanzibar au nipande Lamu, na mimi kila mara najikuta naongea nusu saa nzima kwenye simu mpaka salio linakata, kwahiyo leo naandika lote nimalize. Mji Mkongwe nimeenda mara tatu, Lamu mara mbili, na safari ya pili ya Lamu nilikuwa na mama mwenye goti bovu, hivyo habari za ngazi nazijua kuliko nilivyotaka kuzijua.

Jibu fupi ndo hili, usije ukasema nimekuzungusha. Kama unataka kuingia ndani ya nyumba ukajua watu walilala wapi, walipika wapi, bibi harusi alikalishwa wapi na maiti ilioshewa wapi, nenda Lamu. Kama unataka habari za masultani, milango ya kuchonga, roshani na picha za kujaza simu, nenda Mji Mkongwe. Miji yote miwili imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, Mji Mkongwe tangu 2000 na Lamu tangu 2001, kwahiyo hicho kigezo hakikusaidii kitu, ni sawa na kuambiwa wachumba wote wawili wamesoma.

Sasa urefu wake.

Kitu ambacho mi kilinichukua safari nyingi kukielewa ni kwamba nyumba ya Mji Mkongwe imejipamba kwa ajili ya anayepita njiani, na nyumba ya Lamu imejipamba kwa ajili ya aliyekaribishwa ndani. Ukishalijua hilo hata mpango wako wa siku unabadilika. Nyumba nyingi unazoziona Zanzibar ni za karne ya 19, baada ya Seyyid Said, sultani wa Oman, kuhamishia makao yake Unguja kutoka Muscat, karafuu na pembe za ndovu zikaleta hela, biashara ya watumwa nayo ikaleta hela (hili tusilipite kimyakimya), wakaja wafanyabiashara wa Kiomani na wa Kihindi, kila mmoja anataka mwenzie akipita mtaani ajue humu kakaa nani. Ndo maana mlango mkubwa, ndo maana roshani ya mbao iliyonakshiwa, ndo maana ukuta wa mbele una madirisha mengi. Lamu zile nyumba za mawe za mtaa wa Mkomani asili yake ni zamani zaidi, nyingi za karne ya 18, na ukisimama nje unaweza ukapita usijue umepita nyumba ya tajiri. Ukuta tu. Ukuta mrefu wa mawe, kijidirisha huko juu, mlango, basi. Utajiri wote umewekwa ndani ambako we mpita njia hukuhusu.

Kwahiyo mtu akienda Lamu akazunguka mitaani tu bila kuingia popote, akirudi atakwambia Lamu haina kitu, ni kuta na punda. Na mtu akienda Zanzibar na hamu ya kuingia kila nyumba, atarudi amenuna, maana nyingi ni makazi ya watu, ofisi, maduka au hoteli, utaishia mlangoni. Wote wawili watakuwa wamekosea namna ya kuangalia.

Nianze na Lamu maana ndo nina mengi ya kusema.

Pale kuna nyumba moja imetunzwa kama makumbusho, watu wanaiita Nyumba ya Kiswahili, iko katikati ya vichochoro, sio kubwa, ukifika unaweza kusema ndo hii tu? Tulia. Unaanzia kwenye daka, ule ukumbi mdogo wa mlangoni wenye baraza za mawe pande mbili, hapo ndo mwenye nyumba alikuwa anakaa na wageni wa kupita, wa biashara, wa salamu. Ukiingia hunyooki moja kwa moja, njia inapinda kidogo, na hiyo sio bahati mbaya, imejengwa hivyo ili mtu aliye mlangoni asione ndani. Ndo unatokea kiwandani, na kiwanda hapa sio cha sabuni jamani, ni ua wa ndani ulio wazi juu, mwanga na hewa vinaingilia hapo maana kuta za nje zimezibwa karibu zote. Alafu vyumba vinafuatana kwa kina badala ya kukaa ubavuni kwa ubavuni, msana wa tini (wa chini), msana wa yuu (wa juu), halafu chumba chenyewe kinachoitwa ndani, na kila ukivuka unapanda kidogo kwa kimo cha ngazi. Mama ndo aliyeligundua hilo kwanza kwa sababu ya goti lake, mi nilikuwa naangalia dari. Yaani kadiri unavyoingia ndani zaidi ndivyo sakafu inavyoinuka na ndivyo mambo yanavyokuwa ya faragha zaidi, mgeni wa kiume anaishia huko mwanzo, na huku juu ni kwa wenyewe. Milango ya kutenganisha hivyo vyumba hakuna, walikuwa wanatundika mapazia.

Ndani ndo kuna zidaka. Sisi huku bara tunasema vidaka, Lamu wanasema zidaka, ni ule ukuta mzima wa vishubaka vilivyochongwa kwenye chokaa, safu juu ya safu, wamepanga mabakuli ya Kichina, vitabu, vitu vya thamani. Picha nilikuwa nimeshaziona nikadhani ni kabati tu la ukutani. Ana kwa ana ni kitu kingine, maana chumba chenyewe ni chembamba na kina giza la wastani, chokaa ni nyeupe, kwahiyo mwanga kidogo unaotoka kiwandani unakwenda kufia pale kwenye zidaka na ukuta unakuwa kama unapumua. Hapo ndo bibi harusi alikuwa anakalishwa aonekane. Na nyuma yake kabisa kuna nyumba ya kati, kachumba ka mwisho, wanasema ndo kalikuwa cha kujifungulia na ndo kalikuwa cha kuoshea maiti. Mama alisimama pale muda mrefu hakusema kitu, akatoka akaenda kukaa barazani.

Na choo! Watu wanacheka nikisema nenda Lamu ukaangalie choo lakini we nenda. Kuna birika la maji na walikuwa wanafuga visamaki humo vile viluwiluwi vya mbu. Jiko liko juu kwenye paa, chini ya makuti, moshi uende zake. Sakafu ya chini kabisa kwenye nyumba nyingi za namna ile ilikuwa ni ya bidhaa na ya watumwa. Muulize mtunzaji hilo swali moja kwa moja, mi wa kwangu alijibu bila kuzunguka.

Zaidi ya hiyo nyumba, Lamu una Makumbusho ya Lamu pale mbele ya bahari, ambayo jengo lenyewe lilikuwa ni makazi ya maofisa wa kikoloni wa Kiingereza, lina varanda, na hapa nikiri kitu kinachoharibu kidogo nadharia yangu: ule mstari wa mbele wa Lamu unaoangalia bahari una majengo ya mwisho wa karne ya 19 yenye varanda na sura ya kizanzibari kabisa. Yaani Lamu yenyewe ilijivika koti la Unguja upande wa wageni wanaokuja na jahazi, na huko nyuma ikabaki na ukuta wake. Ndani ya makumbusho usikose siwa, yale mabaragumu ya watawala, ile ya kisiwa cha Pate ya pembe ya ndovu na ile ya Lamu ya shaba. Kuna na nyumba iliyokuwa posta ya Wajerumani, ilifunguliwa 1888 ikafungwa 1891, ni kadogo, dakika ishirini unamaliza, lakini ni kichekesho fulani cha historia kwamba hawa jamaa walikuja kuweka posta Lamu ikadumu miaka isiyofika mitatu. Na Ngome ya Lamu ilijengwa kati ya 1813 na 1821, kuanzia 1910 mpaka 1984 ikawa gereza, ile sio nyumba lakini panda juu kwa sababu kutoka pale ndo unaona mapaa na viwanda vya watu kwa juu, na mambo ya ndani uliyoyaona asubuhi yanajipanga kichwani.

Haya manne yote unatembea kwa miguu, toka moja kwenda lingine ni dakika chache, hata ukipotea. Na utapotea. Fuata Usita wa Mui, ndo njia kuu ya ndani, ukipotea muulize mtoto. Magari hakuna, kuna punda, na punda wa Lamu akiwa na mzigo wa mchanga hana habari na wewe mtalii wa zidaka, mi nilibanwa ukutani na mmoja mpaka shati likaota chokaa mgongoni. Kwahiyo kwa siku moja, kuanzia asubuhi mpaka alasiri, Lamu unaingia ndani ya majengo manne na unatoka hujachoka sana, na bado jioni unakaa Mkunguni mbele ya ngome unaangalia watu.

Tuvuke Unguja sasa.

Nitasema ukweli unaouma, jumba ambalo watu wengi wanafunga safari kulifuata, Beit al-Ajaib, huwezi kulifurahia kama zamani. Lilijengwa 1883 na Sultan Barghash, lilikuwa la kwanza Zanzibar kuwa na umeme, likawa na lifti, watu wakaliita Jumba la Maajabu. Lilinusurika hata mabomu ya Waingereza ya Agosti 1896, ile vita ya chini ya saa moja. Alafu tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ikaporomoka, watu wawili wakafariki. Mara yangu ya mwisho nililiona kwa nje likiwa limezungushiwa mabati, nikasimama pale Forodhani kama mtu aliyekuja msibani amechelewa. Waliobahatika kuingia kabla ya hapo wanajua ule ukumbi wa kati ulivyokuwa na ile milango mirefu.

Jirani yake ni Jumba la Mfalme, Beit al-Sahel, na hili mi niliingia safari ya kwanza, zamani kidogo, na kama liko wazi siku unayoenda basi lipe muda. Lililokuwepo pale mwanzo lilibomolewa na mabomu ya 1896, likajengwa upya, masultani wakakaa humo mpaka Mapinduzi ya Januari 1964. Lililonikaa kichwani zaidi ya viti vyao vya kifahari ni chumba cha Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa 1844, akapata ujauzito na mfanyabiashara wa Kijerumani aitwaye Heinrich Ruete, akatoroka Zanzibar 1866 na baadaye akaandika habari za maisha yake zikatoka 1886. Na kingine ni yale makabati ya fomeka ya miaka ya hamsini huko juu. Yaani unapanda ngazi ya kifalme unategemea dhahabu, unakuta kabati kama la shangazi yako. Nilicheka sana lakini ndo kitu kilichonifanya niamini kwamba kweli watu walikuwa wanaishi mle.

Sasa tahadhari: majumba haya ya kale hufungwa kwa matengenezo na tangazo linabandikwa getini baada ya wewe kufika. Ulizia siku moja kabla, mpigie mtu yeyote unayemfahamu kule apite aangalie mlango kwa macho yake. Usitegemee nilichosema mimi wala aliyeenda mwaka juzi. Kwa upande huu Lamu inashinda, kwa sababu hata moja likifungwa una matatu mengine hapohapo.

Lakini, na hii lakini ni kubwa, mitaa ya Mji Mkongwe yenyewe ni jumba. Chukua milango tu. Ukitoa asubuhi nzima kwa ajili ya milango hutajuta, na ni bure. Ipo ya kiarabu yenye juu iliyonyooka, na ipo ya kihindi yenye juu ya tao na misumari mikubwa ya shaba. Katikati ya mbao mbili kuna ule mti wa kusimama unaoitwa mfaa, hapo ndo mafundi walimalizia ufundi wao. Angalia minyororo imechongwa pembeni, angalia samaki, mitende, mawimbi huko chini. Inasemekana mwenye nyumba alikuwa anasimamisha mlango kwanza ndo nyumba inafuata, mi sijui kama wote walifanya hivyo ila ukiangalia baadhi ya milango na nyumba iliyonyuma yake unaona kabisa hela iliishia wapi.

Habari ya ile misumari, utaambiwa ni ya kuzuia tembo. Mmoja wa wale vijana wanaokuganda kule, tunawaita papasi, alinieleza kwa uso mkavu kabisa kwamba tembo walikuwa wanasumbua sana mtaa wa Shangani, hapohapo mjini. Tembo Shangani! Ukweli ni kwamba mtindo ulikuja na Wahindi kutoka kwao ambako tembo wa vita walikuwa jambo la kweli, huku ikabaki kuwa pambo na sifa. Papasi hawahawa ndo tofauti nyingine ya hiyo siku yako. Zanzibar kama huna mtembeza wageni mwenye kitambulisho utatembezwa na kila mtu, ukionekana unaongea kiswahili wanapunguza kidogo, ila hawaachi. Tafuta wa kueleweka, patana kabla ya kuanza, mwambie wazi hutaki kupelekwa madukani. Lamu nako wapo wa kukufuata pale gatini, ila ukisema hapana mara mbili kwa upole wanakuacha, na mle ndani ya makumbusho watunzaji wenyewe wanajua kazi yao. Tena kwa sisi wa kiswahili hapo kuna faida ambayo mzungu haipati, mzee akikuona unaelewa anaacha yale maelezo ya kukariri anaanza kuongea habari za nyumba ya bibi yake. Ingawa Kiamu chao ukiwa mtu wa bara utapata shida, njia kwao ni ndia, nje ni nde, mama alikuwa anaitikia tu "ehee" hata pale ambapo alikuwa ameulizwa swali.

Nyumba nyingine za Mji Mkongwe za kupitia kwa nje: ya Tippu Tip kule Shangani, yule tajiri wa pembe na watumwa aliyefariki 1905, mlango wake na zile ngazi za mawe meusi na meupe, mi nilipopita ilikuwa ni ya kutazama ukiwa mtaani tu. Ile zahanati ya zamani ya Tharia Topan, mfanyabiashara wa Kihindi, upande wa bandarini, msingi uliwekwa 1887 ikamalizika 1894, ile nadhani ndo yenye roshani nzuri kuliko zote mjini na ubishe. Kuna na makumbusho madogo ya Freddie Mercury, yule mwimbaji wa Queen, alizaliwa Zanzibar 1946, yapo Shangani tangu 2019. Ni picha na maandishi zaidi kuliko nyumba, kama sio shabiki wake pita tu.

Ukiwa na nguvu za mchana, toka nje ya mji kidogo upande wa kaskazini. Mtoni kuna magofu ya kasri la Seyyid Said, ndo alikozaliwa huyo Bibi Salme. Maruhubi kuna lile la Barghash la miaka ya 1880 mwanzoni lililoungua 1899, zimebaki nguzo na hamamu, yaani mabafu ya kuogea. Kidichi kuna hamamu alizojengewa mke wa Kiajemi wa Seyyid Said karibu na 1850, na zile nakshi za chokaa mle ndani, ndege na maua, ndo kitu pekee Unguja kilichonikumbusha zidaka za Lamu. Lakini ukiongeza hivi vyote siku imeisha, na utakuwa umekaa ndani ya gari kuliko ndani ya nyumba.

Kuna kitu kimoja wanachofanana na nakisema kwa wale wanaopenda ujenzi. Kote ni mawe ya matumbawe, chokaa, na boriti za mikoko. Boriti haiendi mbali, upana wa chumba unaishia pale mti unapoishia, mita mbili na nusu hadi tatu hivi, ndo maana vyumba vyote ni vyembamba na virefu kama korido, tajiri na maskini. Sultani ndo alijiongeza akaleta nguzo za chuma na mihimili kutoka nje akapata kumbi pana pale Beit al-Ajaib. Ukishaijua hiyo habari ya boriti huwezi tena kuingia chumba chochote cha pwani bila kuinua kichwa, mi sa hivi hadi hotelini nahesabu.

Kuhusu miguu. Mama alisumbuka Lamu kuliko alivyosumbuka Zanzibar, nisidanganye. Ngazi za nyumba za Lamu ni nyembamba, zimesimama wima, nyingine giza, na za ngome nazo ni ngazi. Vichochoro vina mitaro na kinyesi cha punda, kiatu cha kisigino sahau. Mji Mkongwe kwa mtu mzima ni rahisi zaidi kwa sababu kingi ni cha kuangalia ukiwa umesimama mtaani, baraza ziko kila mahali anakaa anapumzika, na teksi inaweza kumfikisha karibu. Kwa watoto ningesema kinyume chake, Lamu hakuna gari la kumgonga mtoto, na punda ni burudani tosha, wakati watoto wa dada yangu kule Unguja walichoka na milango baada ya mlango wa nne, wakataka barafu.

Kufika sasa, na hapa ndo wengi wanaamulia. Unguja kutoka Dar ni boti ya masaa mawili hivi, asubuhi umevuka, jioni ukitaka unarudi, ukishuka bandarini uko mjini tayari. Lamu sio ya kwenda na kurudi siku moja, ondoa hilo wazo. Ukipanda ndege unashukia kisiwa cha Manda kisha boti ya dakika chache, ukipanda basi la Mombasa unashukia Mokowe kisha boti tena, na njiani kuna vizuizi vya ukaguzi kwahiyo kitambulisho kiwe mfukoni sio chini ya begi. Hiyo "siku moja" ya Lamu maana yake ni siku moja ya nyumba katikati ya safari ya siku tatu. Kama likizo yako yote ni wikendi na uko Dar, mjadala umeisha, vuka Unguja.

Kiingilio kote kina bei ya mwenyeji na bei ya mgeni, na Kenya wanatofautisha raia, mkazi na mgeni kutoka nje, beba kitambulisho au pasi usije ukalipa bei ya mzungu ukiwa na jina la Juma. Ijumaa panga mambo yako yaishe kabla ya saa sita mchana, pande zote mbili. Ramadhani usile barabarani, vaa nguo za heshima, na kabla hujapiga picha ya mlango angalia kama kuna mtu amekaa barazani pake, ule mlango ni wa kwake, omba kwanza.

Ujanja mmoja nilioujua nimechelewa: kama umekosa nyumba za kuingia Mji Mkongwe, tafuta hoteli yoyote iliyoko kwenye nyumba ya zamani ya mfanyabiashara, agiza chai ya juu ya paa. Bei ya chai itakuuma, ila umenunua ruhusa ya kupanda nyumba nzima ghorofa kwa ghorofa, unapita kwenye ua wa ndani, unaona ngazi, unaona boriti, vitanda vya samadari ukichungulia vyumba vinavyosafishwa. Mi nilifanya hivyo kwenye hoteli mbili siku moja nikatoka na tumbo limejaa chai na nimeona kuliko nilivyoona kwa kiingilio. Lamu huhitaji ujanja huo kwa sababu nyumba za wageni za kawaida kabisa ziko ndani ya zilezile nyumba za mawe, unalala humo, usiku unasikia kiwanda kinavyoleta upepo. Tulipolala sisi kulikuwa na zidaka tatu juu ya kitanda, mama akapanga humo dawa zake za goti, chupa ya maji na tasbihi, asubuhi akaniambia nimpige picha na hivyo vitu vyake nyuma, na hiyo ndo picha pekee ya Lamu aliyoikubali iwekwe sebuleni.